Kivuli cha Bibi Yangdol

Jioni ile Padma Lhamo alisimamisha kamera yake kwenye miguu mitatu, akatundika jiwe katikati ili upepo wa nyanda za juu za Changthang usiitikise, akaifuta lenzi. Kichujio cha kioo alishakitoa, maana mwanga ukipita vioo viwili hugongana na kuzaa madoa. Tochi yake aliivalisha kitambaa chekundu. Majirani walikuwa wameshusha mapazia kwa sababu aliwaomba, na Padma akiomba jambo hakuna anayemkatalia. Kisha akaikinga lenzi kwa kiganja, kama mtu anayekinga kibatari, akasimama hivyo nusu saa bila kutingishika. Alikuwa fundi binti yule, fundi haswa.

Lakini taa ya kilimani, kwenye kambi ya kampuni ya barabara, haikuombeka. Iliwaka tangu machweo hadi macheo. Mbuzi wa nyanya yake, Bibi Yangdol, walidhani kiangazi kimefika, wakapukutisha sufu yao katikati ya majira ya baridi, na asubuhi kadhaa walikutwa wamekauka kwa baridi zizini. Bibi alikwenda kulalamika wilayani huku majirani wakimtania kwamba dua la kuku halimpati mwewe. Afisa alimsikiliza vizuri. Akamwambia alete picha ya anga la kijiji, aone kama taa ina madhara.

Padma akaingia ndani na kamera. Kwenye picha nyota zilikuwa zimechora duara zao, na juu yake limekaa doa la kijani.

"Hilo nini?" Bibi akauliza.

"Ni ile taa, bibi. Inapenya ubavuni. Mkono wangu mdogo."

"Na yule mgeni wa Delhi si alikuazima kivuli chake?"

"Kile? Kinapitisha mwanga kama chandarua."

"Watu wa ofisini hao." Bibi akaweka chini kikombe chake cha chai ya siagi, akavua kivuli chake mwenyewe, akianzia miguuni kama mtu anayevua soksi zilizolowa. Kilikuwa kizito. Alikuwa amekichunga juani pamoja na mbuzi tangu utotoni. "Usikiburute kwenye mawe, mwanangu. Sina kingine."

Padma alikitundika kwenye miti miwili, kati ya taa na lenzi, akaanza upya. Picha ikatoka safi. Nyota zilizunguka juu ya zizi bila waa, hata vumbi jembamba la mbinguni lilionekana. Bibi aliitazama mpaka chai ikaganda siagi. Zile zenye madoa Padma akazifuta zote, kwani fundi hatunzi kazi mbovu.

Alipoipeleka wilayani, afisa naye aliipenda.

"Picha tamu hii, dada. Na taa iko wapi?"

"Kushoto, nje ya picha. Nimeikinga."

"Mimi siioni." Akaisogeza karibu na dirisha. "Giza totoro. Sasa anga kama hili limedhurika wapi?"

Akaandika kwamba taa haina madhara, akaitundika picha ukutani.

Padma alirudi nyumbani, akapiga nyingine bila mkono, bila kivuli. Ilijaa madoa kama uso wa mgonjwa wa surua. Ilimuuma roho kuipiga, na ilimuuma zaidi kuipeleka.

Afisa aliitazama, kisha akautazama ukuta, akamhurumia.

"Hii umekosea, dada. Ile ya kwanza ndiyo kazi."

Kampuni ikaongezewa kibali cha taa ya pili.

Bibi alipoambiwa, alikoroga chai yake kwanza.

"Ile ya ukutani, watu wanaitazama?"

"Kila anayeingia, bibi. Wanasimama."

"Wasimame. Ni nzuri."

Tangu hapo hakukivaa tena kivuli chake. Kila machweo alikitandaza juu ya zizi upande wa kilimani, na mbuzi waliolala chini yake wakaanza kuota sufu. Mchana alitembea bila kivuli, na watu walimsalimu kama kawaida.

Taa ya pili ilipowashwa, upande wa mto, Padma aliketi karibu na jiko akaanza kuvua chake, kuanzia miguuni. Kilikuwa chepesi bado. Kiliwatosha wanambuzi wawili.