Nywele za Mzee Kingori

Jumanne asubuhi Mwai alifika mochari mjini Nyeri na suti ya babake mkononi, imepigwa pasi na kufunikwa gazeti. Mhudumu, mama mmoja aliyeitwa Benter, aliipokea, akaipima kwa macho, akasema itamtosha mzee vizuri. Shida ilikuwa nywele.

"Tulimnyoa jana jioni juu rasta zilikuwa zinashika mlango wa friji," alisema. "Leo nimefungua nikapata zimefika kwa magoti. Nimenyoa tena kabla chai. Sai nadhani ziko kiuno."

"Nani aliwaambia mumnyoe?"

"Hakuna mtu."

"Yeye hanyolewi."

"Hata mimi nimeona," Benter alisema, akaenda kutafuta hanga ya suti.

Mwai akampigia mamake simu. Watiri alikuwa nyumbani Endarasha, amekaa nje na wanawake wa kanisa wakimenya viazi vya wageni. Alisikiliza mpaka mwisho huku kisu kikiendelea. Kisha akamwambia mwanawe awaambie watu wa mochari wasijisumbue, na jeneza liongezwe urefu, kwa sababu babake alikuwa bado hajamaliza matanga.

Hili lahitaji kuelezwa, maana magazeti yalilieleza vibaya miaka yote. Kila Desemba mwandishi fulani alikuja kumpiga picha Mzee Kingori na misokoto yake, akaandika kwamba shujaa wa msituni aliapa kutonyoa mpaka taifa litimize ahadi zake. Mzee hakuwahi kumkanusha mtu. Alipenda wageni, na taifa lilikuwa na ahadi za kutosha.

Ukweli ulikuwa mdogo zaidi. Kingori aliingia msitu wa Nyandarua kupigania uhuru akiwa kijana, akamwacha Watiri na mimba kwenye kambi ya vibarua ya shamba la mzungu, mahali alipozaliwa yeye na ndugu zake wote. Mtoto alikuwa msichana, akapewa jina Murugi kama mamake Kingori. Kabla hajajua kutembea alishikwa na kikohozi akafa, na Watiri akamzika kwenye pembe ya shamba, chini ya jiwe jeupe. Desturi ya wazee ilikuwa kwamba mtoto akizikwa, baba na mama hunyolewa pamoja. Hapo msiba umekwisha, na watu wana ruhusa ya kucheka tena. Watiri alinyolewa peke yake. Kingori alizipata habari akiwa juu kwenye mianzi, wakati ambao mtoto alikuwa tayari amekaa udongoni muda mrefu kuliko alivyokaa duniani.

Baadaye alikamatwa akapelekwa kizuizini, na huko alinyolewa kwa nguvu. Nywele zilirudi haraka. Askari waliona ni uchafu wa ukaidi, wakamnyoa tena, wakachoka.

Uhuru ulipokuja mzungu aliondoka, na vibarua wakajipanga getini na majembe yao. Geti lilifunguliwa, gari likaingia, geti likafungwa. Mwenye shamba mpya alikuwa Mwafrika mwenzao, kwa hivyo ilichukua muda watu kutambua kwamba hakuna kilichobadilika. Kingori alipata kipande chembamba cha ardhi kati ya barabara na ua wa shamba, akajenga hapo, na kutoka mlangoni kwake jiwe jeupe lilionekana. Alimwambia Watiri kwamba siku atakayoruhusiwa kusimama pale, yeye Watiri ndiye atakayemnyoa, na akifa kabla, basi azikwe pale. Watiri aliahidi. Alikuwa mwanamke kijana na aliona si jambo kubwa la kuahidi.

Walipata watoto wengine sita, na hakuna mtoto Endarasha aliyebebwa kama hao. Kingori aliwabeba mabegani msimu wa matope mpaka mlango wa darasa. Aliwasuka binti zake nywele mwenyewe, vizuri, na wanaume waliopita barabarani wakimcheka aliwaalika wakae wajifunze. Aliunguza chapati kila Krismasi na zikaliwa. Ugali ulipokuwa mdogo alisema tumbo lake halielewani na ugali, na watoto walikua wakiamini hivyo mpaka walipokuwa na watoto wao wenyewe, nao pia wakaanza kutoelewana na ugali. Walimpenda mno. Kila Jumamosi Watiri alimpaka mafuta ya mbarika kichwani, msokoto mmoja mmoja, naye akasinzia. Na kila asubuhi kabla ya uji alisimama kwenye waya wa ua akamsalimu Murugi, akamweleza nani amefaulu mtihani na nani ameolewa.

Sikukuu za kitaifa gari la serikali lilimfuata. Aliketishwa mbele, akapewa soda, akapigiwa makofi, akarudishwa na blanketi. Blanketi zilijaa nyumbani mpaka zingine zikafunika viazi vya mbegu. Kila mkubwa aliyemshika mkono, mzee alimwomba neno lile lile: afunguliwe geti kwa alasiri moja. Wote walisema wamemsikia, na kweli walikuwa wamesikia, kwa sababu mzee alikuwa na sauti.

Shamba nalo liliuzwa kwa kampuni ya maua. Majumba ya plastiki yalisimama mpaka jiwe jeupe likafichika, na ua ukatiwa umeme. Kingori aliendelea kusalimia upande ule ule.

Kwa hivyo Jumatano Watiri alivaa koti lake la kanisa, akaenda na Mwai mpaka getini. Askari wa geti alikuwa Kefa, mtu wa Vihiga aliyelinda pale tangu watoto wake wakiwa wadogo. Mara nyingi alikuwa amekunywa uji kwa Mzee Kingori.

"Kefa, unajua kwenye nataka kumweka mzee," Watiri alisema.

"Najua, shosho. Ngoja niulize."

Akampigia meneja. Meneja akapiga Nairobi. Nairobi nao walikuwa na mahali pa kupiga. Watiri alikalishwa kwenye kiti cha Kefa, akatazama lori la maua likitoka. Simu ilirudi baada ya lori la pili.

"Wamesema wanasikitika sana na familia," Kefa alisema. Hakumtazama. "Kaburi kwa shamba haiwezekani. Lakini watatuma maua."

"Maua," Watiri alisema.

"Ndio, shosho. Mingi."

Maua yalifika kweli siku ya mazishi, waridi jekundu la daraja la kupelekwa ng'ambo, na watu walikiri hawajawahi kuona maua kama hayo kwenye msiba. Jeneza lilikuwa refu kuliko gari, likaletwa na pikapu yenye mlango wazi. Mpaka hapo nywele zilikuwa zimetoka kwa pembe za kifuniko, ikabidi wanawake wa kanisa wazikunje ndani ya mabeseni na kutembea nazo nyuma, mmoja akiwaambia wengine washike hatua. Mheshimiwa mbunge alishika msokoto mmoja mbele ya kamera, akasema nywele hizi ni historia yetu. Akaahidi barabara ya lami, akaomba radhi, akaondoka kwa sababu alikuwa na mazishi mengine Naro Moru.

Mzee alizikwa nyuma ya nyumba, kando ya zizi. Mabeseni yalimwagwa shimoni pamoja naye, udongo ukarudishwa, wajukuu wakapanda maua ya kampuni juu yake. Watu walipokaa kula, nywele zilitoka udongoni upande wa miguu, zikaanza kuvuka uwanja taratibu. Waliokuwa kwenye viti vya njiani waliinua miguu. Mtu mmoja akasogeza sufuria ya mukimo. Kabla ya sahani kukusanywa zilikuwa zimefika kwenye waya, zikapita chini yake.

Siku iliyofuata kampuni ilimwamuru Kefa azifyeke. Alizifyeka kwa slasha kuanzia kwenye waya, na kesho yake zilikuwa zimerudi, zimeingia hatua chache ndani. Meneja alileta dawa ya magugu, ambayo iliua safu moja ya waridi. Baadaye wakachimba mtaro wakamwaga zege, nazo zikashuka chini ya zege zikapanda. Mwishowe ikaonekana slasha ndiyo nafuu, na ufyekaji ukaingizwa kwenye kazi za asubuhi za Kefa, kati ya kuzima taa na kufungulia malori. Kwa jinsi hiyo nywele za Mzee Kingori kila siku ziliingia shambani, na hakuna siku zilipofika mbali kuliko njia ya doria.

Watiri alizipaka mafuta Jumamosi kama kawaida. Alianzia kaburini akaja nazo mpaka kwenye ua, akiinama kila hatua na kupumzika kwenye kigoda. Kwenye waya aliishia. Upande wa pili Kefa alikuwa akisubiri amalize.

"Nikikata si ati nimependa, shosho."

"Najua. Wewe kata yako."

"Niko na watoto wawili college."

"Nimekuambia najua, Kefa."

Alhamisi moja Kefa alifanya jambo ambalo hakuagizwa. Alichukua nywele alizofyeka, akazitia kwenye gunia, akatembea nazo kuelekea ile pembe, kama mtu anayepeleka takataka. Aliporudi alikuja kwenye waya na kofia mkononi. Watiri alikuwa akianika mahindi.

"Shosho, nilifika."

Watiri aliacha mahindi.

"Jiwe haiko. Walitoa. Hapo ndio wamejenga ile nyumba ya baridi ya kuweka maua kabla iende airport. Chini ni simiti yote."

"Lakini ni hapo."

"Ni hapo. Nimejua kwa ile mti ya zamani imebaki."

"Ulizifanyia nini?"

"Nilimwaga hapo kwa simiti, nikasema jina ya mtoto. Zikakaa kidogo. Halafu kijana wa usafi akakuja na fagio." Kefa aligeuza kofia. "Zilikuwa hazishiki, shosho. Zikikatwa zinakuwa nywele tu."

Watiri alimshukuru. Alimpa mahindi machache apeleke nyumbani, akaingia ndani, akakaa kitandani upande wa Kingori mpaka binti yake alipokuja kuuliza kama chai ipikwe. Alikuwa ameahidi jambo moja tu maishani kwa mume wake, na hakukuwa na mlango uliobaki wa kugonga. Alilia kidogo, kisha akasema ipikwe.

Familia yote ilinyolewa baada ya msiba, hata wale wa Nairobi wenye kazi za ofisini. Watiri alikataa. Wembe uliletwa mara ya pili akaurudisha, na watu wakamwacha, maana alikuwa mzee na uchungu wake ulikuwa wake.

Mvua za Aprili zilipoanza, Mwai alikuja Jumamosi kumbebea kigoda. Alikuwa ametumwa na ndugu zake, na alitafuta pa kuanzia mpaka mamake akamwambia aseme tu.

"Mum, tumeongea. Siku yako ikifika, si tutakuweka kando ya baba?"

"Hapana. Mtaniweka hapa." Alipiga ardhi kwa kiganja, karibu na waya.

"Hapa maji inapita."

"Wacha ipite. Baba yako alianzia mbali sana, hiyo ndiyo ilimshinda. Kutoka hapa mpaka kwa Murugi si mbali."

Akafungua kitambaa cha kichwa. Mvi zake, zilizokuwa fupi miaka yote, zilikuwa zimeshuka mpaka mgongoni. Akampa Mwai chupa ya mafuta amsaidie kisogoni, pale ambapo mkono wake haukufika, na Mwai akachuchumaa nyuma yake akaanza kupaka. Ng'ambo ya waya Kefa aliinua mkono kuwasalimu. Kisha akakaa juu ya ndoo, akaendelea kunoa slasha.