Paka Aliyefungiwa Pamoja na Mahindi

Basi huyo mzee Ambilikile alikuwa anakaa Mpemba, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka boda. Alikaa peke yake kama figa lililobaki moja. Mke wake Sekela walishamzika kwao Ileje, milimani huko. Watoto nao wametawanyika, huyu yuko Mbeya, huyu kavuka kwenda Kitwe akaoa hukohuko. Aliyemkumbuka kidogo ni mjukuu, Brenda, na ndiye aliyemletea paka.

Paka mwenyewe sasa! Siyo hawa wa kwetu wa kudokoa mboga na kukimbia. Manyoya mafupi, yamebanana kama zulia jipya, rangi ya majivu, uso duara, macho kama chai ya rangi. Brenda aliachiwa na mzungu aliyemfanyia kazi Lusaka, yule mzungu alipohama. Sasa Brenda kapanga chumba Vwawa, mwenye nyumba hataki mnyama.

"Babu, huyu paka ana ukoo wake," Brenda alisema. "Ana mpaka cheti cha kuzaliwa."

"Ee? Mimi mwenyewe sina!"

"Ni mpole, halii hovyo. Mpe chakula asubuhi na jioni, na umchane manyoya. Anaitwa Oska."

Na kweli alikuwa mpole. Mzee akikaa kwenye kigoda, Oska anakaa mbele yake, anamwangalia kama mgeni anayengoja habari za nyumbani. Mzee akaanza kumwamkia. "Umelalaje, Bwana Oska?" Paka anafumba macho polepole, anafumbua. Mzee akaridhika, maana kuna watu wanakujibu pungufu ya hapo. Jioni anamchana kwa chanuo la marehemu Sekela, anamsimulia habari za kahawa ya Mbozi, habari za ng'ombe wa Kamsamba, habari zote ambazo hakuna mtu alikuwa anamuuliza.

Sasa taabu ililetwa na Ketrina, jirani muuza dagaa, mama wa maneno lakini roho nzuri. Aliingia siku moja akamkuta mzee anamchambulia paka miiba.

"Mzee Ambilikile, huyo siyo paka, huyo mto wa kochi! Panya wanakumalizia mahindi ndani, yeye anamenyewa samaki?"

"Ni mgeni bado, mama."

"Mgeni siku ya kwanza na ya pili, siku ya tatu mpe jembe. Paka aliyeshiba atamfuata panya ili iweje? Mfungie stoo na njaa yake, utaona."

Na hilo ndilo sisi wote tunalijua, paka halishwi. Ukimlisha umemharibu. Mzee mwenyewe alilelewa hivyo, na baba yake hivyohivyo. Akambeba Oska, akamweka juu ya gunia la mahindi, akafunga mlango. Alijisikia vibaya kidogo, lakini akajiambia ni malezi.

Paka wa kwetu ungemfungia hivyo angepasua mlango kwa makucha, mtaa mzima ungekoma. Oska, kimya. Mzee akipita anatega sikio, kimya. Akafurahi. "Yuko kazini," akamwambia Ketrina. Keshokutwa yake, kimya bado, akafungua.

Oska alikuwa juu ya gunia lilelile, amekaa vilevile. Chini yake panya wametoboa gunia, mahindi yamemwagika. Akamwangalia mzee, akafumba macho, akachelewa kuyafumbua.

Mzee akakimbilia sufuria. Akampa dagaa, paka akageuza uso. Akampa maziwa, akageuza uso. Bahati, Luka bwana mifugo alikuwa kwa Ketrina anachoma nguruwe sindano, akaitwa. Akamshika paka tumbo, akamfunua fizi, zimeanza unjano.

"Mzee wangu, hawa wanene hawafungi kula. Wakikaa na njaa, mafuta yanakimbilia ini. Mimi ni mtu wa ng'ombe na nguruwe, huyu anataka daktari wake, Mbeya. Kwa sasa mtilie mchuzi mdomoni, kidogokidogo. Asipokula utamzika."

Akamwachia bomba la sindano lisilo na sindano. Mzee akamfunga Oska kwa kitenge, akampakata, akamtilia mchuzi tone kwa tone. Mwingi ulimwagikia suruali.

"Si ungelia, baba," akamwambia. "Ungelia hata mara moja. Mimi ningejuaje?"

Simu ilikuwa mezani. Mzee aliiangalia muda mrefu. Akimwambia Brenda, Brenda atakuja kumchukua, na akimchukua harudishi, nani amrudishie mtu aliyemfungia mnyama na njaa? Asipomwambia, paka atakufa mapajani pake. Na nyumba ile, jamani, alishaizoea ikiwa na mtu wa kuamkiwa.

Akabonyeza.

"Brenda, nimemharibu paka wako. Njoo."

Brenda alikuja na gari la kwanza kutoka Vwawa. Hakugomba, na hilo ndilo lililomuuma mzee. Alimtia Oska kwenye kikapu, akasimamisha basi la Mbeya, akasema tu, "Babu, ungeniuliza." Mzee akabaki barabarani mpaka utingo wa lori akamwambia, "Mzee, sogea, utagongwa."

Siku zikapita, hakuna simu. Ketrina alikuja kuomba radhi na bakuli la dagaa. Mzee akampokea, akamshukuru. Asubuhi alijikuta anasema "Umelalaje," akanyamaza katikati.

Halafu simu ikalia.

"Babu, shikamoo. Amekula!"

Mzee akakaa chini. "Marahaba, mama. Amekula nini?"

"Samaki."

"Samaki gani?"

"Wa kawaida, babu. Sato."

"Kwa mkono au kwa sahani?"

"Kwa sahani. Daktari anasema atapona, ila nitambakiza huku Mbeya, kwa rafiki yangu Judith. Anamjua paka wa namna hii."

"Ni sawa. Ni sawa kabisa." Mzee akatafuta swali jingine upesi, Brenda asije akakata. "Sahani ya bati au ya udongo?"

Nyuma ya Brenda gari zilisikika zinapita.

"Babu, na wewe je? Umekula?"

Alitaka kusema ndiyo, kama anavyowajibu wote.

"Sijala," akasema. "Tangu jana sijala. Usikate kwanza."

"Sikati, babu. Washa jiko, nakusikiliza."