Wimbo wa Kuagana Katika Sehemu ya Pili

Nilinakili simfoni ya Lyman Treat, muziki wa ala tupu wenye sehemu nne, kwa miezi mitano, kila jioni nikitoka kiwandani. Mchana nilichora namba kwenye nyuso za saa, jioni nikachora noti za muziki. Kufika Novemba macho yaliniwasha hata nikiyafumba, na nikisali nilisinzia kabla ya kufika Amina. Mungu alinivumilia. Noti nilijifunza nikiwa na miaka arobaini na nane, darasa la jioni, kwa hiyo mkono wangu haukuwa mwepesi. Lakini Lyman hakuwa na mwingine wa kumwomba.

Lyman alikuwa mpiga kinanda wa kanisa letu. Simfoni ile ilimchukua miaka kumi na mmoja, na ndani yake aliweka nyimbo zetu za ibada, zile alizoimbiwa na marehemu mama yake. Nyingine zilikatwa katikati, nyingine zililaliana, mpaka sehemu ya nne zilipokutana zote.

"Wasipofika sehemu ya nne," aliniambia, "watadhani nimewaharibia nyimbo zao tu. Kule mwisho ndiko ninakowarudishia."

Nilipofika sehemu ya pili, niliweka kalamu chini. Selo, zile fidla kubwa za sauti nzito, zilikuwa zinapiga wimbo wa kuagana, mzima mzima.

"Lyman, wakiusikia huu wataondoka."

"Nani ataondoka?"

"Kanisa zima. Tangu nizaliwe tukiusikia tunasimama, tunachukua kofia, tunaenda kula."

"Dada Keziah, hao ni watu, si kuku." Akacheka. "Watajua ni konseti ya muziki."

"Konseti kanisani, Jumapili, na njaa yote ile?"

"Wewe nakili tu, dada yangu."

Nikanakili.

Siku yenyewe ilipofika, simfoni ilipigwa mara baada ya ibada. Mchungaji aliuacha wimbo wa kuagana makusudi, ili watu wasitoke. Wapigaji walikuwa ishirini, wengi wao wenzangu wa kiwandani. Nilikaa benchi la tatu na jirani yangu, Hulda Scranton.

"Hizo violini zinagombana?" akaninong'oneza.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Si wewe uliyeandika?"

"Nilinakili."

"Basi ungezipatanisha."

Halafu selo zikaanza ule wimbo. Mabenchi yakalia. Kanisa zima likasimama. Shemasi Beebe, ambaye kwa miaka thelathini hufungua mlango wimbo ukifika mstari wa tatu, akaufungua kwenye mstari wa tatu. Baridi ikaingia, watu wa nyuma wakaanza kutoka. Lyman alikuwa anaongoza, ametugeuzia mgongo, lakini nilimwona shingo ikigeuka nyekundu.

Niseme ukweli: sikubaki nimekaa kwa ushujaa. Nilitaka kusimama kama wengine, lakini uchovu wa miezi mitano ulinibana kwenye benchi. Na kwetu hakuna anayekaa wimbo ule ukipigwa, isipokuwa mgonjwa. Mzee Hoyt aliusimamia wiki ile ile aliyokufa.

Hulda akanitazama kutoka juu. "Keziah! Simama, wewe!"

"Siwezi."

"Unaumwa?"

Nikanyamaza.

"Jamani, anaumwa! Mwoneni, uso kama unga!" Akaketi, akanishika mkono kwa nguvu.

Benchi la mbele likageuka. "Nani?"

"Keziah Plumb."

"Ameanguka?"

"Bado."

Kumwacha mgonjwa kanisani ukaenda kula ni jambo ambalo ungesemwa kwalo mpaka Pasaka. Waliokuwa njiani wakarudi. Waliokwisha kutoka wakaingia tena kuuliza kuna nini. Shemasi akafunga mlango nisipigwe na baridi. Wote wakaketi, wakisubiri nife au nipone, na sehemu ya tatu ikapigwa, kisha ya nne.

Sehemu ya nne nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu lakini sijawahi kuisikia. Nyimbo ziliingia mmoja mmoja, kama watu wa nyumba moja wanaorudi kutoka kazini. Wa kuagana ulikuja mwisho kabisa, kwenye violini moja, ukichelewa nyuma ya wengine. Hulda akalegeza mkono.

"Huyo si mama yake Lyman?" akasema polepole. "Alikuwa anatuchelewesha hivyo hivyo akiimba."

Ulipokwisha, Shemasi alinijia.

"Umepata nafuu, dada?"

"Nimechoka tu, Shemasi."

"Tu?"

"Tu."

"Na maharage yangu yameungua kwenye oveni," akasema, akaenda zake.

Watu walipotawanyika Lyman akaja, shati limelowa jasho, akajitupa kwenye benchi kando yangu.

"Walisikia?"

"Walikaa," nikamwambia. "Hulda alimsikia mama yako."

Akajifuta uso kwa mkono wa shati. Nikainamisha kichwa nimwombe Mungu anisamehe kwa kunyamaza Hulda aliponiuliza. Sikufika Amina.