Mrithi wa Jina la Mwalimu Cecil

Katika Lisekese yote, huko Masasi, hakuna mtu aliyeogopwa na wazee kama Mwalimu Cecil, na wala hakuwa mchawi. Kosa lake lilikuwa moja tu: alikuwa na redio kaseti. Akisikia kwamba kuna bibi kule Lupaso anajua ngano za zamani na kwamba siku hizi anakohoa, aliifunga redio kwenye baiskeli, akaenda kukaa naye mpaka bibi amwage zote. Basi watu wakazoea kusema, "Ukimwona Mwalimu mlangoni na redio yake, ita wanao uwaage." Mzaha huo ulimfikia mwenyewe. Akaucheka, kisha akautia kwenye karatasi zake, kwa kuwa ulisemwa kwa Kimakua, na kilichosemwa kwa Kimakua hakikumpita.

Hivyo ndivyo alivyoishi tangu ujana hadi mvi. Darasani alifundisha Kiswahili, tena alikipenda. Akitoka darasani alitafuta ngano, vitendawili, methali na nyimbo za kuokotea korosho za Wamakua wa Masasi, ili avitie vyote katika kitabu kimoja kikubwa. Walimu wenzake walijenga nyumba za bati jipya, yeye akajaza kaseti kwenye sanduku la chuma. "Kimakua hakina mtihani, Mwalimu," walimtania, "sasa unakisomea nini?" Aliwajibu kwamba hata mama zao hawana mtihani, na bado wanawapenda.

Upendo, binti yake wa kwanza, aliingia katika kazi hiyo akiwa bado msichana wa kushika kipaza sauti. Alipokuwa mwalimu na mama wa mtoto mmoja, Julia, alikuwa ameshakuwa masikio na mikono ya baba yake. Mzee anasikiliza kaseti, Upendo anaandika. Wanabishana juu ya neno, wanakunywa chai, wanaendelea. Kitabu kilikuwa kimefika nusu Mwalimu alipougua kifua na kufariki. Upendo hakulia msibani. Alijiambia kwamba atalia kitabu kikiisha.

Shida ni kwamba kitabu hakikuwa chake. Kwa Wamakua mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mali ya mwanamume haiendi kwa wanawe; inakwenda kwa mpwa, mtoto wa dada yake. Si mali peke yake. Siku ya arobaini mpwa huyo hupewa na jina la marehemu, na kuanzia hapo yeye ndiye marehemu aliyerudi kukaa kitini pake. Jambo hili Upendo hakuhitaji kuelezwa na mtu. Baba yake alikuwa ameliandikia sura nzima ya kulisifu, na aliyeipiga chapa, koma kwa koma, ni Upendo mwenyewe.

Mpwa aliyekuwepo alikuwa Lameck, mtoto wa Shangazi Ethel. Kijana hakuwa mbaya. Alizaliwa na kukulia Newala, ambako baba yake alikuwa mganga wa zahanati, akacheza na watoto wa Kimakonde mpaka akaota ndoto kwa Kimakonde. Kimakua alikisikia kama cha jirani wa mbali, maana hata mama yake nyumbani alisema nao Kiswahili. Siku chache kabla ya arobaini alishuka Masasi na lori lake la korosho, akasimama katikati ya chumba cha Mwalimu, akakuna kichwa.

"Dada Upendo, chumba hiki kitafaa kuwekea magunia," alisema. "Hakina unyevu."

"Na kaseti?"

"Sasa kaseti nani anasikiliza siku hizi? Sanduku zuri, nitalichukua kwa ajili ya spana zangu. Hizo kaseti wape watoto wachezee. Au unazitaka?"

Hapo Upendo angeweza kusema nazitaka, na mambo yakaisha. Lakini Shangazi Ethel alikuwa mlangoni, mkono kiunoni.

"Hazitaki," alisema Shangazi. "Kaka yangu hajakaa kitini tena, na ninyi mnagawana vitu vyake? Vya ukoo havichomolewi kimoja kimoja. Wewe Mama Julia, mjomba wako alipofariki, kwake hukupewa mbuzi?"

"Nilipewa, Shangazi."

"Basi. Mwacha mila ni mtumwa. Wewe ndiye uliyeandika hayo."

Upendo alitoka nje akiwa na hasira ya kuuma meno. Alimkasirikia Shangazi, akaikasirikia mila, na zaidi alimkasirikia baba yake, aliyeisifia mila hiyo kana kwamba yeye hatakufa. Akaenda hadi kijiwe cha bodaboda, akapatana na dereva mmoja, Nurdini, aje kulibeba sanduku na kulificha kwa rafiki yake Upendo mjini Masasi. Nurdini alikuja. Walilibeba hadi uani, wakaanza kulifunga kwa mpira. Upendo akalitazama sanduku limelala ubavu nyuma ya pikipiki, na ndani yake mabibi wote wale wa Lupaso waliomsimulia baba yake kwa sababu walimwamini kuwa ni mtu wa mila. Alimwomba radhi Nurdini, wakalirudisha ndani.

Arobaini ikafika. Baada ya ibada Lameck aliketishwa kwenye kiti cha Mwalimu, amevishwa koti la Mwalimu lililombana mabegani, mkononi fimbo. Mzee wa ukoo akatangaza, "Cecil huyu hapa." Lameck akatabasamu kwa haya, kama bwana harusi aliyekosea nyumba.

Wa kwanza kwenda kumsalimu alikuwa Shangazi Ethel. Mama aliyemzaa, aliyemtandika kwa mwiko mpaka juzi juzi, alimpigia magoti na kusema kwa sauti iliyokatika, "Shikamoo, kaka."

Tabasamu la Lameck likafutika. Akasema, "Marahaba, dada." Na Shangazi akainuka machozi yakimtiririka, ameridhika kabisa, maana alikuwa amemwona kaka yake.

Upendo aliyaona hayo. Miaka yote ile aliyoandika, alidhani jina ni koti tu. Kumbe hawa hawaigizi. Na kama huyu kweli ni Mwalimu Cecil, basi Mwalimu Cecil ana binti.

Zamu yake ilipofika alipiga magoti. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu," alisema Lameck, ambaye ni mdogo wake kwa miaka mingi.

Watu walingoja ainuke. Hakuinuka.

"Baba, kabla hujaumwa tulikuwa katika ngano za Lupaso. Uliniambia tukimaliza hizo tunaingia kwenye nyimbo za korosho. Kazi imesimama tangu ulipolala. Nimekuja kukuuliza, tunaendelea lini?"

Hata waliokuwa jikoni wakaacha kuosha sufuria. Lameck alimgeukia Shangazi Ethel kwa macho ya kuomba msaada.

"Usinitazame mimi," alisema Shangazi. "Mimi ni dada yako. Unaulizwa na mwanao. Ukipenda boga, penda na ua lake."

Jasho lilimtoka Lameck ndani ya lile koti. Angeweza kusema kazi hiyo imekwisha, na nani angembishia Mwalimu Cecil? Upendo alilijua hilo. Alikuwa ameweka sanduku, kitabu na maisha ya baba yake yote mikononi mwa dereva wa lori mbele ya ukoo mzima, na sasa aliogopa alichokifanya.

Lameck akaiweka fimbo chini. "Mwanangu," alisema, tena safari hii hakuwa na haya, "nitaendeleaje? Kimakua sikijui."

Mwalimu Cecil hajui Kimakua! Kicheko kilipasuka uwanja mzima, wazee wakapigapiga mapaja, na bibi mmoja akasema kwamba kumbe kufa kunasahaulisha. Hakikuwa kicheko cha dhihaka. Lameck mwenyewe alicheka. Kisha akainama hadi uso wake ukakaribiana na wa Upendo, akamwambia taratibu, "Magunia yatapata pa kukaa. Kila nikishusha mzigo Masasi nitalala hapa. Lakini lazima unifundishe."

Machozi Upendo aliyoyaahirisha tangu msiba yakamjia yote kwa mpigo, akalia palepale alipopiga magoti, kwa nguvu, mbele za watu, bila kujifunika kanga. Hakuna aliyemnyamazisha.

Alipotulia kidogo alijifuta, akamwambia maji yanaitwaje kwa Kimakua. Lameck akalitamka neno kwa lafudhi ya Newala, vibaya sana. Upendo akalirudia polepole, na baba yake akamtazama mdomo, akajaribu tena.