Uzi Uliopishana

Macho ya bibi mshonaji yalikuwa yamekwisha, na aliyejua ni mkwewe peke yake. Mwaka mzima binti yule alimshonea vifungo vyote vya duka kwa siri, akiuiga mkono wake: nyuzi mbili sambamba, zisizogusana. Mwenye duka, mwana wa bibi, angejua angemwambia mama yake apumzike, na kwa bibi kupumzishwa kulikuwa kuzikwa mzima mzima. Basi mkwe akaapishwa asiseme, akaapa.

Siku moja mkata nguo wa duka alileta shati lake mwenyewe, kifungo kinaning'inia. Mtoto analia, sufuria inafurika. Mkwe akajisahau, akakishona kama alivyofundishwa kwao, nyuzi zikapishana.

Aliyeona ni mpiga pasi. Huyu alikuwa na kinyongo tangu mkata nguo alipofanywa msimamizi badala yake. Wala hakusema uongo, mnafiki yule. Alilitandaza shati la mkata nguo mbele ya mwenye duka, akauliza kwa adabu, "Bosi, mkono wa nani huu?"

Mwenye duka aliujua. Vifungo vya kifuani mwake vilishonwa hivyo hivyo na mkewe, naye alidhani hakuna mwanamume mwingine anayeshonewa naye. Akaingia chumba cha nyuma, alikokuwa mkewe na mama yake.

"Umelishona wewe shati hili?"

Mke alimtupia bibi jicho. "Sijaligusa, mume wangu."

"Mkono wako nauona, nawe unakana mchana kweupe."

"Muulize mama. Vifungo vyote vinapitia kwake."

"Mama, kifungo hiki umekishona wewe?"

Neno moja tu lingetosha. Bibi alifungua kinywa, akakiona akilini kiti chake cha dirishani kikikaliwa na mtu mwingine. Mume na mke hugombana wakapatana, alijidanganya. Atamwambia mwanawe akishapoa.

"Sikushona mimi," akasema.

"Mama, nakuomba," mkwe alisema. "Mwambie. Nakufa, mama."

Bibi aliinamisha kichwa. Akasikia binti akiburutwa chumba cha ndani, komeo likashuka. Kilio cha kwanza kilimnyanyua kitini. Alipapasa ukuta mpaka mlangoni, akaugonga kwa ngumi zote mbili. "Mwache! Sioni mimi, mwanangu! Yeye ndiye anayenishonea, nilimwapisha!" Vyerehani vya karakanani vilinguruma tu. Ndani kukawa kimya.

Mlango ulifunguliwa. Mwanawe alikuwa akihema. Nyuma yake hapakusikika pumzi nyingine.

"Unamkingia kifua," alisema. "Mama yangu haoni? Toka lini?" Akachomoa sindano na uzi kwenye kola yake, akamtia mkononi. "Haya. Tunga."

Bibi alilowesha ncha ya uzi mdomoni. Akaupeleka, ukapita pembeni. Akajaribu tena, akajichoma kidole, akajaribu tena. Machozi hayakumsaidia, lakini hata bila machozi tundu lile asingeliona.

Mwanawe alikuwa amepiga magoti mbele yake, ameushika mkono wake wenye sindano ili usitetemeke.

"Tunga, mama," alimsihi. "Mama yangu, nakuomba, tunga."