Vidole vya Mashine Namba Nne

Ukumbi wa gemu ulikuwa nyuma ya kiwanda cha makopo, ukuta kwa ukuta, na mwenye ukumbi alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alistaafu shule, ualimu haukumtoka. Kabla ya kukaa mbele ya skrini, kila mchezaji, awe mkubwa awe mdogo, aliandika kwenye daftari tarehe, saa, na sababu ya kucheza. Mwalimu alisoma kila sababu, akasahihisha herufi kubwa na nukta, kisha akaweka alama ya vyema kwa kalamu nyekundu. Asiye na sababu hakupewa padi, yaani kile kidude chenye vitufe kinachoshikwa kwa mikono miwili.

Sababu zilikuwa za kila namna. Kinyozi wa kona aliandika kwamba ndani ya gemu hakuna mtu wa kumsimulia shida zake. Mama muuza vitambaa aliandika kwamba anapenda kushinda, na nyumbani kwake zamu yake haijafika. Dereva wa gari la wagonjwa alijaza ukurasa mzima, na Mwalimu akampa vyema bila kusahihisha chochote. Mkata bati, siku yake ya kwanza, aliandika neno moja tu: Vidole.

"Sentensi kamili," Mwalimu akasema.

Akaandika: Nataka kuzoeza mkono wangu wa kulia.

Mkono huo ulibakiwa na dole gumba na kidole cha mwisho. Vile vitatu vya katikati vilichukuliwa miaka miwili nyuma na mashine namba nne, inayokata bati la vifuniko. Mashine hiyo ililetwa ikiwa mpya, na kinga yake juu: wavu wa chuma unaoteremka kabla ya kisu kuteremka. Lakini wavu ulichelewesha kazi kwa sekunde mbili. Ukafunguliwa kwa muda, ukatundikwa ukutani, na wafanyakazi wakazoea kuning'iniza humo mifuko yao ya chakula. Kila mwaka, wakaguzi wakikaribia kuja, ulipakwa rangi mpya ya njano. Mkata bati alipoumia, kiwanda kilionyesha utu: kilimwandikia barua ya pole, na kikampa binti yake mkubwa nafasi ile ile, kwenye mashine ile ile.

Alichagua gemu ya lori. Barabara ilikuwa imenyooka, hakuna wa kumpiga risasi wala wa kumfukuza. Aliposhika padi, vidole vyake vitatu vikarudi. Havikurudi kwa kishindo. Alitazama skrini, akatazama mkono, vikawa vipo, cha shahada na kovu lake la utotoni. Kinyozi aliyekaa pembeni alivitupia jicho, akaendelea na mchezo wake. Padi ikiwekwa mezani viliondoka, ikishikwa, vilirudi.

Siku ya tatu Mwalimu alimjia na kitambaa. "Mzee wangu, mikono safi tafadhali. Hiyo grisi itaniharibia padi."

Grisi ilikuwa mbichi, ya kijani. Enzi zake kiwandani grisi ilikuwa ya kahawia. Hii ya kijani ilianza kutumika mwaka huu, na aliijua kwa sababu binti yake alirudi nayo kila jioni chini ya kucha. Ndiyo maana binti alipaka kucha rangi ya zambarau, kuificha. Hapo mkata bati akaelewa kwamba vidole vyake havijawahi kuacha kazi. Vilikuwa mkononi mwake na vilikuwa kwenye mashine kwa wakati mmoja, kama redio inavyosikika nyumba mbili. Akasahau usukani, na lori likatoka barabarani.

Jioni hiyo, wakila, binti alisema, "Baba, ile mashine siku hizi inanisukuma."

"Inakusukumaje?"

"Mkono ukisogea karibu na kisu, kitu kinanigusa hapa kwenye kifundo, kinaurudisha. Kama mtu. Lakini ni saa nane mpaka saa tisa tu. Saa nyingine hakuna."

Saa nane mpaka saa tisa ndiyo ilikuwa saa yake ya gemu. Mkata bati alimweleza kila kitu, pamoja na habari ya grisi. Binti alisikiliza huku akitafuna, na mdogo wake, aliyekuwa akimaliza shule mwaka huo, akawaongezea maji.

"Basi cheza, baba," binti akasema. "Ila usifunge breki ovyo, maana na mashine inasimama. Leo ulitusimamisha mara mbili, msimamizi akawa mkali kama pilipili."

Kuanzia siku hiyo mkata bati aliingia ukumbini saa mbili asubuhi, kengele ya kiwanda ikilia, na kutoka saa kumi na moja jioni. Kwenye daftari aliandika: Binti yangu yuko kazini. Mwalimu akaweka vyema. Hakula mchana, na chooni alikwenda mbio wakati wa mapumziko ya kiwanda, dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani. Lori lilisonga mbele kwenye barabara isiyo na mwisho. Mara nne, mara tano kwa siku alihisi ngozi ya mwanawe kwenye ncha za vidole, akaisukuma. Alikuwa na furaha asiyoweza kumwonyesha mtu, na chini ya furaha hiyo alikuwa na hofu, maana siku nyingine mkono wa binti ulifika karibu sana.

Mwisho alipiga moyo konde, akamwendea msimamizi wa kiwanda ofisini.

"Bwana msimamizi, naomba ile kinga irudishwe kwenye namba nne."

"Kinga ipo, mzee," msimamizi alisema kwa upole, akaonyesha ukutani kupitia dirisha. "Haijapotea hata skrubu."

"Nasema irudi kwenye mashine. Sasa hivi vidole vyangu ndivyo vinavyofanya kazi yake."

"Nina taarifa. Binti alinieleza." Msimamizi alifungua jalada. "Na nakushukuru, maana tangu uanze hatujapata ajali namba nne. Sasa wewe upo, wavu wa nini tena? Hivi, namba tano huwezi kuiangalia pia?"

Mkata bati alisema vidole ni vitatu tu. Msimamizi aliandika hilo.

Jumatatu moja tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ukumbi: Alhamisi umeme ungekatwa mtaa mzima, kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi. Mkata bati alilisoma mara tatu. Alimwambia binti asiende kazini siku hiyo. Binti alisema akikosa siku moja tu ameshamwaga unga, na kwamba atajichunga mwenyewe. "Mimi si mtoto, baba." Mkata bati akarudi ofisini.

"Alhamisi naomba namba nne isimame kwa saa tatu tu."

"Isimame kwa nini? Sisi tuna jenereta."

"Basi niruhusu nije na gemu yangu humu ndani, nichomeke kwenye jenereta yenu. Nitakaa kona yoyote, hata stoo."

Msimamizi alimtazama kwa masikitiko ya kweli. "Gemu kiwandani, mzee wangu? Saa za kazi? Wafanyakazi watanionaje?"

Alhamisi, saa saba kamili, skrini ilizimika na lori likapotea. Vidole vikaondoka. Ng'ambo ya ukuta jenereta ilikohoa, ikanguruma, na mashine zikaanza tena moja baada ya nyingine. Mkata bati aliijua sauti ya namba nne kati ya zote. Alikaa na padi mapajani, akisikiliza kisu kikishuka. Kinyozi alimletea maji, hakuyanywa. Wachezaji wengine hawakuondoka. Walikaa kwenye viti vyao mbele ya skrini nyeusi.

Saa nane na robo namba nne ilinyamaza. Ilinyamaza kwa muda wa mtu kusafisha meza. Kisha ikaendelea.

Umeme ulirudi saa kumi, kama tangazo lilivyosema. Mkata bati alishika padi akiwa amefumba macho, akasubiri, akafumbua. Vidole vitatu vilikuwa mahali pake. Kando yake, kimebanwa kabla ya kile cha mwisho, kulikuwa na cha nne, chembamba, chenye kucha ya zambarau. Mkata bati alilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Mwalimu alikuja na kitambaa, akafuta grisi kidole kimoja kimoja, na hicho cha nne alikifuta taratibu zaidi.

Barua ya pole ilifika Jumatatu. Kiwanda kilisikitika, na kwa kuonyesha utu kilitoa nafasi ile ile kwa mdogo wa binti.

Wiki mbili baadaye mkata bati alifika ukumbini na binti yake mkubwa, mkono umefungwa bandeji. Mwalimu alisogeza kiti cha pili na kufungua daftari ukurasa mpya. Binti aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikipinda: Mdogo wangu anaanza kazi leo. Mwalimu alisoma, hakupata cha kusahihisha, akaweka vyema. Baba na binti wakashika padi, na kucha ya zambarau ikahamia kwa mwenyewe.

Ng'ambo ya ukuta kengele ya saa mbili ililia. Yule mdogo aliingia na mfuko wake wa chakula, akatafuta pa kuuweka, akaelekezwa kwenye wavu. Wakaguzi walitarajiwa wiki hiyo. Rangi ilikuwa haijakauka, ikamshika vidoleni, akajifuta kwenye sketi na kwenda kusimama mbele ya mashine.