Futari ya Kuchemshwa Mara Mbili

Kinondoni ya leo watu wanafuturu ndani, geti limefungwa, kila mtu na televisheni yake. Tunu akiwaona anasikitika. Mwaka tisini na saba, jamani, wanaume wa mtaa mzima walifuturu nje, barazani kwa Shomari, na kila nyumba ilitoa sinia lake. Likirudi tupu, umepika. Likirudi limejaa, basi mtaa wote una habari yako.

La Tunu lilikuwa linarudi limejaa.

Mumewe Mwinshehe, fundi cherehani, alikuwa na mwaka wa pili anasafishwa damu kwa mashine hospitali, mara mbili kwa wiki. Kufunga alikatazwa na daktari, lakini baraza hakuacha. Sista Eufrazia wa hospitali alimweleza Tunu taratibu: mihogo, magimbi, ndizi, vyote vina potasiamu, na figo za mumeo haziwezi kuitoa. Ikizidi kwenye damu, moyo unasimama. Kata vipande vidogo, chemsha, mwaga maji, chemsha tena, mwaga. Nazi sahau.

Basi Tunu akawa anapika kitu chapwa, hata paka hakitaki. Shomari, na mdomo wake ule, akauliza, "Shemeji, hii futari au dawa?" Wanaume wakacheka. Mwinshehe akala peke yake.

Kumi la mwisho uvumilivu ukamwisha. Siku moja tu, Tunu alijiambia, siku moja haiui mtu. Akachemsha muhogo mara moja, maji hakumwaga, akatia tui zito la nazi mbili. Sinia likarudi limelambwa, akatamba jikoni peke yake.

Kabla ya tarawehe miguu ya Mwinshehe ikalegea, moyo ukawa unapiga na kuacha. Ikatafutwa teksi, wakakimbizwa hospitali, sindano, mashine. Tunu alikaa kwenye benchi akijilaani kwa kila neno analolijua.

Mwinshehe alipopata nguvu, Tunu akamwambia yote huku analia.

"Nilijua," akasema. "Tangu tonge la kwanza."

"Sasa ulikula kwa nini, baba?"

"Miaka miwili sijala mapishi yako, Tunu. Ukiniwekea kile, mie nitakula tu. Kwa hiyo usiniwekee tena."

Hakumwekea. Miaka minne mingine, mpaka Mwinshehe alipofariki, alimpikia chapwa, akakaa naye mpaka amalize. Na mpaka leo mtu akimsifia muhogo wake wa nazi, Tunu huinuka mkekani akaenda uani, akalia.